Sauti ya Binti wa Kambini

Nilipomaliza chuo cha ualimu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipangiwa shule ndogo nje ya Tanga, njia ya kwendea Muheza, pembeni mwa shamba kubwa la mkonge. Mimi ni mtu wa pwani, mzaliwa wa Ushongo, na mkonge nilikuwa nimezoea kuuona kwa mbali tu, kwenye dirisha la basi. Sasa nikawa naamka nimezungukwa nao, safu baada ya safu mpaka macho yanachoka, na harufu ya korona, kile kiwanda cha kukamulia majani yake, ikinifuata hadi ndani ya chandarua.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa manamba, yaani vibarua waliotoka bara kwa mkataba, safari ndefu ya treni, wakapangwa kambini chumba kwa chumba chini ya paa moja refu. Watoto wale walikuwa na adabu ya kutisha. Ukiuliza swali darasani, wote wanatazama chini. Ukimtaja mmoja kwa jina, anasimama, anatikisa midomo, anakaa. Mwanzoni nilidhani hawakujua majibu. Baadaye nikagundua kwamba walijua, tena vizuri, ila kambini walikuwa wamejifunza kuwa mtu mwenye shati jeupe akikuuliza jambo, jibu la salama ni kunyamaza.

Hali hiyo niliifahamu kwa sababu ilikuwa imenipata. Nilifika chuoni na Kimtang'ata, lahaja ya mama yangu, mdomoni, na wenzangu wa mjini wakawa wanacheka kila nikisema neno, hata nikaona afadhali nisiseme kabisa. Muhula mzima nilikuwa kama bubu. Kisha mkufunzi mmoja akaniingiza katika mchezo wa kuigiza wa kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Nilikuwa mgonjwa wa tumbo. Kazi yangu ilikuwa kugaagaa mkekani na kuita mama. Siku ya onyesho niliita kwa lafudhi ya kwetu, kwa nguvu zangu zote, na bibi mmoja aliyekaa mbele akainuka kuja kunishika mkono, akidhani naumwa kweli. Hakuna aliyenicheka tena baada ya pale, au labda walicheka, lakini mimi nilikuwa nimeacha kuwasikia.

Kwa hiyo niliamini. Niliamini kuigiza kama wengine wanavyoamini dawa, na nilifika katika shule ile nikiwa na dawa yangu tayari mkononi.

Nilianza Jumamosi asubuhi, kwa aliyependa. Niliwapanga watoto pande mbili za uwanja wa mpira, wawili wawili, kila mmoja akimwita mwenzake avuke mto wenye mamba. Sauti ya kooni haikufika ng'ambo. Ilibidi itoke tumboni. Tuliigiza soko, tuliigiza msiba, tuliigiza abiria wanaogombania kiti. Halafu nikawafundisha namna ya kusimama mbele ya mtu mkubwa. Simama na miguu yote miwili. Mtazame usoni. Sema wewe ni nani, sema umekuja kwa jambo gani, kisha nyamaza, ungoje jibu, wala usiondoke kabla hujajibiwa. Nilikuwa nikiwarudisha mlangoni mara nyingi waanze upya. Hilo la mwisho, la kungoja, ndilo lililowashinda wengi. Walisema maneno yao wakakimbia.

Binti mmoja wa darasa la sita hakukimbia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, mwembamba, mtoto wa mkata mkonge. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki waliotoka mbali sana bara, na yeye alizaliwa kambini pale pale. Darasani alikuwa na tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja anaposoma, maneno yakawa yanatoka yamechujwa na vidole. Jumamosi ya kwanza alisimama kando akitazama. Ya pili aliingia mtoni, akaitwa na mwenzake, akavuka. Zamu yake ya kuita ilipofika alishusha kile kiganja, akavuta pumzi, akaita hata mpishi wa shule akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Nilimpa sehemu kubwa katika mchezo tulioutunga pamoja. Ulikuwa kuhusu mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake, akaenda kushtaki barazani. Wazee wa baraza hawamjali. Wanaendelea na tambuu na soga zao. Yeye anasimama, anaeleza, anangoja. Wanamwambia nenda, haendi. Mwisho wanaona haya, wanamrudishia shamba, na watu wanapiga vigelegele.

Wiki chache kabla ya onyesho, baba yake alinijia nyumbani. Alikuwa mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge, na alibaki mlangoni mpaka nilipomshika mkono kumwingiza.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

Aliona aibu kuamkiwa na mwalimu. "Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuhusu binti."

Nikadhani atasema binti anachelewa kurudi, au mama yake anamhitaji kuteka maji. Nilikuwa na majibu ya yote hayo.

"Siku hizi ananitazama machoni," akasema. "Mimi baba yake, si neno. Nacheka. Lakini juzi nyapara alipita kambini akamwuliza kwa nini amesimama njiani, na yeye akamtazama vile vile. Akamjibu. Hakumtukana, mwalimu, alimjibu kwa adabu. Lakini alimjibu."

"Si vizuri hivyo?"

Alifikiri kidogo. "Kwako wewe ni vizuri. Wewe una shule. Mimi ninachokaa ndani yake si changu, hata ule mlango. Naomba umtoe katika ule mchezo."

Nilimkalisha, nikampa chai, nikazungumza naye kwa muda mrefu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na nilijua kuzungumza. Nilimwambia kwamba zama zinabadilika, kwamba mtoto asiyeweza kujieleza ataishia kukata mkonge, na nilipolitamka hilo sikuwaza kwamba anayenisikiliza ni mkata mkonge. Mwisho nikamwambia, "Baba, niachie mimi. Hakuna baya litakalompata." Alisimama, akanishukuru kwa chai, akaenda zake. Ukimya wake niliuhesabu kuwa ni kukubali.

Onyesho lilifanyika uwanjani siku ya wazazi. Meneja wa shamba, Mzungu mwenye uso mwekundu, alikuja kwa sababu shule ilikuwa imejengwa katika ardhi ya shamba na hata bati zake zilitoka kwake. Nyapara mkuu aliketi nyuma yake. Binti aliingia amejifunga kaniki ya mama yake, akainamisha mgongo, na tangu neno lake la kwanza uwanja ukatulia. Alipofika pale mahali pa kungoja, alingoja muda mrefu kuliko mazoezini. Mtoto aliyekuwa mzee wa baraza akasahau maneno yake kwa kutazamwa vile. Nikaona wanawake wa kambini wameshikana mikono. Meneja alipiga makofi, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Ile mjane mzuri sana."

Sina siku katika ualimu wangu niliyoifurahia kama ile, na hilo nalo linaniuma.

Mvua zilipokaribia, baba wa binti alichomwa jichoni na ncha ya jani la mkonge. Ajali hiyo ni ya kawaida katika kazi ile, na kila mkataji anaiogopa. Aliomba ruhusa ya kwenda zahanati. Nyapara mkuu akamwambia anatafuta kisingizio cha kulala, akamrudisha kwenye safu. Kesho yake jicho lilikuwa limevimba limefunga, akaomba tena, akarudishwa tena. Siku hiyo binti hakuja shule. Mimi nilidhani ana homa.

Yaliyotokea niliyapata kwa karani wa ofisi ya shamba, aliyeyaona yote. Alisema binti aliingia ofisini peke yake, miguu ina matope, akapita meza za makarani akasimama mbele ya mlango wa meneja uliokuwa wazi. Karani alimwashiria atoke. Hakutoka. Alisimama na miguu yote miwili.

"Bwana meneja," akasema, "mimi ni mtoto wa mkata mkonge wa kambi ya pili. Baba yangu amechomwa jicho na nyapara amemkataza kwenda kutibiwa. Ninaomba apelekwe hospitali leo."

Akanyamaza.

Meneja aliinua kichwa, akamtazama sana. "Wewe si ile mjane?"

"Ndiyo, bwana."

Akamwambia basi amesikia, aende nyumbani. Binti hakwenda. Karani anasema alibaki pale pale, hasemi kitu, wala halii, na ofisi nzima ikaacha kazi. Mwisho meneja akasukuma kiti, akaita dereva wa Landrova, na akaagiza nyapara mkuu aje mbele yake saa ile ile. Alimkaripia mbele ya makarani na mbele ya mtoto.

Baba alipelekwa hospitali mjini. Daktari alisema angechelewa kidogo tu jicho lingepotea. Habari ilipofika shuleni, walimu wenzangu walinipa mkono. Mwalimu mkuu pekee hakunipa. Aliniuliza tu, "Umewahi kumwona nyapara akisamehe?"

Haukupita muda mrefu. Mkataba wa baba ulikuwa unaisha, kama mikataba inavyoisha, na kwa kawaida nyapara ndiye aliyepeleka majina ya watakaoendelea. Jina lake halikupelekwa. Asiye na mkataba haruhusiwi kukaa kambini. Wakapewa mpaka Jumamosi.

Nilipopata habari nilikwenda ofisini mbio. Nilikuwa na hakika kabisa ya nitakalofanya. Maneno niliyapanga njiani, na yalikuwa maneno mazuri: huyu ni mfanyakazi wa miaka mingi, ameumia kazini, mtoto wake anakaribia mtihani. Niliingia, nikavua kofia. Meneja alikuwa akitia saini karatasi.

"Samahani, bwana," nikaanza. "Nimekuja kwa ajili ya yule mfanyakazi wa kambi ya pili, yule mwenye..."

"Hiyo kazi ya nyapara," akasema bila kuinua uso. "Mimi hapana ingilia. Kama mimi naingilia kila siku, nyapara ya kazi gani?" Halafu akaniangalia. "Bati ya shule imefika?"

"Imefika, bwana."

"Yote?"

"Yote, bwana. Tunashukuru sana."

"Vizuri."

Akarudi kwenye karatasi zake. Nilisimama kidogo, pengine kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Niliwaza darasa la kwanza ambalo bado lilikuwa chini ya makuti, likingoja bati hizo. Niliwaza kibarua changu pia. Nikavaa kofia, nikatoka.

Binti alikuwa nje, kwenye kivuli cha ghala, ameketi juu ya debe. Alikuwa ameniona nikiingia. Akasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema ni kazi ya nyapara."

Akanitazama usoni, kama nilivyomfundisha. "Ulingoja?"

Nilimwambia awahi kumsaidia mama yake kufunga mizigo. Jumamosi ile niliahirisha mazoezi, nikasema kichwa kinauma. Kutoka dirishani kwangu niliwaona wakipita barabarani, baba na kitambaa jichoni, mama amejitwika godoro, binti na mdogo wake wamebeba sufuria wakielekea kituo cha basi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kutoka nje kuwaaga. Sikutoka.

Muhula ule sikufundisha tena kuigiza. Watoto walikuja uwanjani Jumamosi mbili au tatu, wakanisubiri, wakarudi.

Wakati wa likizo, nikiwa njiani kwenda Ushongo, nilishuka Tanga na kuulizia mpaka nikawapata Nguvumali. Walikuwa wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Mbondei mmoja mpole. Baba alikuwa amepata uhamali bandarini. Jicho lilikuwa limepona, limeacha alama nyeupe kama tone la maziwa. Aliniletea kigoda mwenyewe.

"Kazi ikoje?" nikamwuliza.

"Nzito. Lakini haina miiba." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mwalimu, jicho ninalo. Nyumba sina. Nimefikiri sana, na bado sijui nikushukuru au nikulaumu."

Nilimwambia kwamba nimekuja kutafuta nafasi ya binti katika shule ya mjini. Kwamba nitakwenda kuonana na mwalimu mkuu wao.

"Ameshaanza," baba akasema. "Alikwenda mwenyewe na mama yake. Mama alisimama tu, Kiswahili chake unakijua. Binti akasema, akapewa nafasi. Wamemrudisha darasa moja nyuma."

Binti alirudi kutoka kisimani wakati nazungumza na baba yake. Alikuwa amerefuka. Aliniamkia, akatua ndoo, akaketi kizingitini. Nilimsifu kwa kupata shule. Nilitaka sana afurahi, ili na mimi nifurahi.

"Mwalimu," akasema, "naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Ule mchezo wetu. Mjane akirudishiwa shamba, tunapiga vigelegele, tunakwenda nyumbani. Lakini yule shemeji anakaa hapo hapo kijijini. Kesho yake inakuwaje?"

"Hatukuitunga kesho yake."

"Ndiyo," akasema. "Ulitufundisha kusema. Kesho yake hukutufundisha."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu hesabu iliyokosewa ubaoni, na baba yake akamgusa bega anyamaze.

Mama yake alikuwa uani akikuna nazi. Nilitoka kumsalimia. Alinijibu bila kuacha kukuna. Nikaanza kusema maneno ya pole, na nilikuwa bado katikati aliponikatiza kwa Kiswahili chake cha kuunganisha polepole.

"Kule kambini," akasema, "jirani yangu alikuwa mtu wa kwetu. Tulikuja treni moja. Asubuhi nafungua mlango, naongea lugha yangu. Jioni naongea. Hapa..." Akaonyesha kwa kifuu cha nazi nyumba za watu, Wadigo, Wabondei, watu wa mjini. "Hapa watu wazuri. Lakini mimi naongea na nani?"

Nimewahi kuulizwa maswali mengi na wakaguzi wa shule, na wazazi wenye hasira. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Nilikuwa nimemfungua mdomo mtoto, na mama ndiye aliyefungwa wake.

Nilirudi shuleni na kuendelea kuigiza na watoto. Ilinichukua muda kuamua, na sina hakika kama niliamua kwa ajili yao au kwa ajili yangu. Lakini sikuuacha tena mchezo wowote uishie kwenye vigelegele. Tulipomrudia mjane niliwauliza, sasa kumekucha, shemeji yuko nje ya uzio, mjane afanye nini? Walibishana Jumamosi nzima. Mmoja akasema ahame. Mwingine akasema asingekwenda barazani peke yake tangu mwanzo. Angewapitia wajane wengine kwanza, wakaingie wote, ili nyapara asijue jina la nani alifute. Alisema nyapara, hakusema shemeji, na hakuna aliyemsahihisha. Mimi pia sikumsahihisha, ingawa mwalimu mkuu alikuwa kibarazani akisikiliza. Ndipo nilipoanza pia kwenda kambini kuonana na wazazi kabla ya kumchukua mtoto yeyote. Waliosema hapana, niliwaachia mtoto wao. Baadhi ya watoto hao walikuwa na vipaji, na mpaka leo sijui kama kuwaachia kulikuwa haki au kulikuwa woga ule ule uliovaa nguo nyingine.

Binti alimaliza shule ya mjini. Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini alichukuliwa kwenye mafunzo ya uuguzi. Baba yake alinieleza kwamba katika usaili waliitwa wasichana wengi, na wengi walijibu wakitazama sakafu. Aliyaeleza hayo kwa fahari, na nilipomwangalia aligeuza uso, kama mtu aliyefurahia kitu ambacho bado hajakisamehe.

Kila likizo nilipopita Tanga nilikwenda kuwaona. Nilichukua samaki wa kukausha kutoka kwetu, nikakaa na baba kibarazani, tukazungumza habari za bandari na za chama kipya ambacho kila mtu alikuwa akikizungumzia. Mama yake hakunifukuza hata siku moja. Alileta chai, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akarudi uani. Mimi nilikuwa nikitega sikio. Nilisikia ufagio, nilisikia maji yakimwagwa, na wala sikumsikia akizungumza na mtu.